Mgeni Njoo, Kompyuta Ipone

Jumatatu, 3 Machi

Haya, umefungua daftari. Kwa hiyo umekuja. Ulikuwa wapi muda wote huo, mtoto usiye na haya? Nyasi zimeota kwenye njia uliyokuwa ukipita. Usianze kunieleza mambo ya kazi. Vua viatu, kaa chini, soma.

Nimeanza kuandika leo kwa sababu nimekasirika. Mtu mwingine angelia. Mimi sina nafasi.

Umepiga simu asubuhi. Umepata kazi nje ya nchi, mkataba wa mwaka mzima, unaondoka Jumapili ya wiki ijayo. Nikapiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Kisha ukasema muda umekubana, hutaweza kufika, utaniaga kwa simu. Kwa simu! Mimi niliyekufuta kamasi kwa mkono huu! Kumuaga bibi yako kwa simu ni kumshibisha mtu kwa harufu ya mchuzi.

Sijakuambia hivyo. Nimesema sawa mjukuu wangu, Mungu akutangulie. Nina busara zangu.

Halafu nikatoka nje, nikakutana na Bi Kizingiti. Unamjua jirani yangu, anayeshinda mlangoni kwake akihesabu nani kaingia kwa nani. Mjukuu wake, yule Tai, anayefunga tai hata akienda kuoga, huja kila Jumamosi. Najua, maana huniambia kila Jumatatu. Leo kaongeza, kwa sauti ya kutoa pole, kwamba wajukuu wa kike wakishapata kazi hupotea. Nikamwambia wa kiume hurudi kwa sababu hawajui kupika. Akaingia ndani.

Lakini neno lilinichoma. Nikakaa nikafikiri. Mara ya mwisho ulikuja kompyuta ilipokataa kuwaka. Kabla ya hapo ulikuja redio ilipokufa. Nilipougua kifua, ulituma dawa.

Basi nimekuelewa. Fundi wewe huji kwa watu, unakuja kwa mashine. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako wewe ni mgeni njoo, kompyuta ipone. Tatizo ni moja tu: hii uliyoniachia ni nzima kabisa. Jana nimecheza karata nikaishinda.

Hilo linarekebishika.


Jumanne, 4 Machi

Siku njema sana. Nimefungua kompyuta kwa bisibisi ya cherehani. Ndani kuna vumbi la kulima mahindi. Nikatafuta kitu kidogo, kisichoumiza sana, maana sitaki kuua, nataka mgonjwa tu. Nikaona kidonge cha fedha, cha mviringo, kama kifungo cha koti. Nikaking'oa kwa ukucha.

Nikawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe, inalalamika kama mtoto aliyeamshwa vibaya. Inasema leo ni Ijumaa, tarehe mosi Januari, mwaka 2010. Kichaa kamili! Nikakupigia nikiwa na sauti ya msiba. Nikasema njoo haraka, mashine imerukwa na akili.

Hukushtuka hata kidogo. Ukaniuliza kama nimeona kitu kama kifungo. Nikasema kuna kimoja kimeanguka chenyewe. Ukakohoa.

Ukanieleza. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha, yule mwenye picha na karata huwa hajaamka bado. Amelala ndani ya diski. Anayeamka kwanza ni programu ndogo waliyoiandika kiwandani ndani ya kidude cheusi kilichogandishwa ubaoni. Nyinyi mafundi mnaiita bayosi. Haina picha wala muziki. Inaamka gizani, inazunguka nyumba: kumbukumbu ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Ikiridhika inakwenda kumwamsha mkubwa, inampa funguo, inajitenga.

Nikacheka hadi nikashika ukuta. Huyo namjua! Miaka yote niliamka kabla ya watu. Nikigusa paji lako la uso kama una homa, nikitazama maji, nikitazama unga, nikiwasha moto. Mambo yakiwa sawa ndipo nilimwamsha babu yako, Mungu amrehemu. Akikuta chai mezani anawaambia wageni nyumba hii naiendesha mwenyewe. Basi sisemi bayosi tena. Yule ni Mwamshaji. Na yule mwenye picha ni Bwana Mkubwa.

Na kidonge? Ukasema ni betri. Umeme ukizimwa, chenyewe kinatunza saa na yale yote Mwamshaji aliyoagizwa. Ukikitoa anasahau kila agizo, anaamka akidhani ni siku aliyotoka kiwandani.

Hapo nilipaswa kusema siwezi kukirudisha, njoo. Ndivyo nilivyopanga. Lakini ukanisemesha kwa ile sauti laini ya kusemea wagonjwa, ukasema, Bibi, kama ni ngumu niambie. Ngumu! Mimi! Nikakirudisha, maandishi juu. Nikaingia kwenye ukurasa wa buluu, wa maagizo ya Mwamshaji, kwa kudonoa kitufe cha kufuta kama kuku, kabla Bwana Mkubwa hajaamka. Nikaweka tarehe. Nikawasha. Karata hizo hapo!

Ukanisifu. Nikafurahi sana. Simu ilipokatika ndipo nikakumbuka kwamba nimeshindwa.


Jumatano, 5 Machi

Kosa la jana lilikuwa kuvunja kitu kinachoonekana. Leo akili zaidi.

Nilirudi kwenye ukurasa wa buluu, nikafungua kila mlango. Nikakuta foleni. Ndiyo, Mwamshaji ana foleni! Amepangiwa nani aulizwe kwanza kama ndiye mwenye nyumba, nani wa pili. Diski ilikuwa mbele. Nikaitoa kabisa. Mbele nikaweka flashi ile yenye nyimbo zangu za kwaya, nikaichomeka.

Nikawasha. Mwamshaji akaenda moja kwa moja kwa flashi, akaiuliza wewe ndiye Bwana Mkubwa? Flashi haina lolote ila nyimbo. Akarudi akaandika kwamba hakuna mfumo, niweke diski yenye mfumo. Nilimwonea huruma, anavyotafuta mwenye nyumba na mwenye nyumba amelala chumba cha pili.

Nikakupigia. Nikasema diski imekufa, nasikia harufu. Sijui kwa nini niliongeza harufu.

Ukaniuliza kama kuna flashi imechomekwa. Nikasema ipo. Ukaniuliza nani kaichomeka. Nikasema nyumba hii ina mambo. Ukasema ingia kwenye buluu, tafuta ukurasa wa foleni. Nikajibu kabla hujamaliza, nikasema ni ukurasa wa tatu, diski nairudisha mbele kwa kitufe cha kujumlisha, au siyo?

Ukauliza nimejuaje kitufe.

Mdomo huu! Mdomo huu utanizika! Nikasema kifua kinanibana, nikakata simu.


Ijumaa, 7 Machi

Ushindi mkubwa. Pia pigo kubwa. Nitaanza na ushindi.

Bi Kizingiti alikuja asubuhi bila majivuno, kilemba upande. Kompyuta aliyoachiwa na Tai inalia. Haina picha, inalia tu. Na Tai hapokei simu, yuko mkutanoni. Tai yuko mkutanoni! Nilisikia utamu hadi kwenye magoti.

Nikabeba bisibisi. Nikakuta mashine inapiga honi ndefu, inapumzika, inapiga tena. Nikakupigia, nikaweka simu karibu usikie. Ukasema Mwamshaji akikuta kitu hakipo wakati skrini haijaamka, hana mdomo mwingine ila honi. Honi ndefu zisizoisha, kwa mashine kama ile, ni kumbukumbu haijakaa vizuri. Nikaelewa haraka. Hata wewe ulipokuwa mchanga hukuwa na maneno. Kilio cha njaa kilikuwa kifupi, cha tumbo kirefu.

Nikazima, nikachomoa waya, nikatoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu. Meno yake ya dhahabu yamefubaa. Ukasema kisuguliwe kwa kifutio cha penseli, polepole. Nikasugua, nikapuliza, nikakirudisha mpaka vishikio vikalia ta! Nikawasha. Honi moja fupi, ya kuridhika. Bwana Mkubwa akaamka na picha ya Tai amefunga tai.

Bi Kizingiti alinitazama kama nimefufua mtu. Nikamwambia tatizo lilikuwa dogo, ila kwa mtu wa mikutano lingekuwa kubwa. Kabla ya adhuhuri mtaa wote ulijua. Mwenye duka kaniita fundi. Nikanunua chumvi nisiyoihitaji ili aniite tena.

Sasa pigo. Jioni ulinipigia ukicheka kwa fahari. Ukasema, Bibi, hunihitaji tena. Sasa naweza kuondoka moyo ukiwa mweupe.

Nimeshika simu hadi ikazima yenyewe. Mwanamke mwenye akili ndiye mimi huyu. Anachimba shimo la kumkamata sungura, anajifukia.


Jumamosi, 8 Machi

Tai kaja. Kizingiti kimefurika. Halafu, sikia tusi, kavuka njia akaja kwangu. Kanisalimia kwa adabu zote, shikamoo na kuinama, kisha akatoa flashi mfukoni. Mlikutana mjini, ukampa aniletee. Ndani kuna Mwamshaji mpya, aliyesomeshwa zaidi, wa kutuliza feni ya mashine yangu inayopiga kelele kama ndege ya vita.

Kwa hiyo flashi imepata nauli. Wewe hukupata.

Ukanipa maelekezo kwa simu. Niingie kwenye buluu, nichague ukurasa wa mwisho, nimwonyeshe flashi. Utatokea mstari wa kijani unaojaa taratibu. Na ukarudia, ukarudia: Bibi, mstari ukiwa unajaa usiguse kitu, usizime, usichomoe plagi. Wakati huo Mwamshaji wa zamani anafutwa na mpya anaandikwa. Umeme ukikatika katikati hakuna wa zamani wala mpya. Hakuna wa kuamsha mtu. Mashine inakuwa tofali. Na ukasema hilo halirekebishiki kwa simu.

Halirekebishiki kwa simu.

Sentensi tamu kama hiyo sijaisikia tangu babu yako aliponiposa.


Jumapili, 9 Machi

Nimerudi ibadani. Nimeomba msamaha mapema, kwa kazi iliyo mbele yangu.

Nikachagua, nikakubali, mstari ukaanza. Kijani kizuri. Nikakaa kitini, mkono kwenye plagi kama mtu anayesubiri kuvuta jino. Ulipofika nusu nikavuta.

Nikarudisha plagi. Nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini nyeusi. Hakuna honi, hakuna malalamiko, hakuna Ijumaa ya mwaka 2010. Nikasubiri. Ilikuwa kama kuingia jikoni asubuhi ukakuta jiko la baridi na hakuna aliyeamka. Sikupenda. Lakini mpango ni mpango.

Nikakupigia. Nikasema sasa imekuwa tofali kweli.

Nilikuwa nimeshatoa shuka safi kabatini, simu ikiwa begani. Ukasema pole Bibi. Ukasema basi, iache. Mashine yenyewe ni ya zamani, usihangaike nayo. Mwakani nikirudi nitakuletea mpya.

Mwakani.

Nimerudisha shuka kabatini.


Jumatatu, 10 Machi

Sikuandika kitu cha maana leo. Sikucheza karata. Bi Kizingiti alikuja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia aende akahesabu watu. Akaniletea uji, akauacha mlangoni. Mwanamke mbaya sana. Uji ulikuwa mzuri.


Jumanne, 11 Machi

Ulipiga simu mchana. Ukasema umelala ukifikiria ile mashine, maana fundi akishindwa hulala vibaya. Ukataka kujua nilichoona mwisho. Nikasema mstari wa kijani, umejaa nusu. Ukauliza kama umeme ulikatika. Nikasema mtaa mzima ulikuwa na umeme, kwa Bi Kizingiti redio ilikuwa inapiga kelele.

"Bibi. Ulichomoa plagi?"

"Nilichomoa."

"Nilikuambia usichomoe."

"Ndiyo maana nikajua ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Kila ikipona, huji."

Nikasikia unapenga kamasi. Nikakuuliza kama una mafua. Ukasema hapana, una bibi.

Kisha ukasema unakuja Alhamisi.

Nikasema kama una nafasi. Nikakata simu polepole, kwa heshima. Nikaenda nje, nikampigia Bi Kizingiti kelele kutoka huku hadi kule kwamba Alhamisi awahi kukaa mlangoni, kuna wa kuhesabu.


Alhamisi, 13 Machi

Umekuja! Umekonda. Nilikuambia hivyo kabla ya salamu, ukasema shikamoo, nikasema marahaba, umekonda.

Niliona mkoba mapema. Mdogo. Una vyuma. Umekuja na bisibisi, hukuja na nguo za kulala. Ukasema unarudi na basi la jioni, una mizigo ya kufunga. Nikasema sawa. Nikachukua simu yako nikaipeleka kuchaji chumbani kwangu. Nikapita sebuleni, nikarudisha nyuma mishale ya saa ya ukutani. Nilijifunza kwa kompyuta: ukitaka kumchelewesha mtu, shika saa yake.

Ukafungua mashine, ukanionyesha Mwamshaji. Nilitegemea kitu! Kumbe ni kidude cha miguu minane, kidogo kuliko mbegu ya tikiti. Hicho ndicho kinachomwamsha yule mwenye majivuno na picha zake zote. Ukakibana kwa kibanio kama cha kuanikia nguo, chenye nyaya zinazokwenda kwenye kompyuta yako ndogo. Ukasema kimeandikwa nusu, kichwa kipya, miguu ya zamani, hakijui kianze wapi. Ukakisoma, ukakifuta, ukakiandika upya chote. Mstari ulipokuwa unajaa ulinitazama. Ukaniambia niweke mikono yote miwili mezani pale unapoiona.

Ukawasha. Honi moja fupi. Nilishtuka nilivyoikosa. Feni kimya. Karata hizo hapo.

Ukala. Ukaongezwa. Ukatazama saa ya ukutani, ukasema bado mapema. Ukatazama dirishani, ukaona giza. Ukatazama saa tena. Ukanitazama mimi.

Basi lilikuwa limeshaondoka. Mipango ya Mungu hiyo.

Ukavaa gauni langu la kulala, ukawa kama nguzo iliyovikwa hema. Tukacheka hadi Bi Kizingiti akafungua dirisha lake. Kisha ukakaa ukingoni mwa kitanda chako cha zamani, ukasema sivyo nilivyofikiri. Hukukosa muda.

"Nilijua nikija, Bibi, sitaweza kuondoka."

Nikakuambia utaondoka, na nitakusukuma mwenyewe mgongoni. Nimekuamsha miaka yote ili nini? Mwamshaji akishatoa funguo anajitenga. Hamfuati Bwana Mkubwa kazini akamuuliza kama amekula.

Maneno mazuri sana hayo. Nimeyaandika yasipotee.


Ijumaa, 14 Machi

Umeondoka asubuhi. Kabla ya kuondoka uliingia kwenye ukurasa wa buluu, ukaweka neno la siri ili nisiuguse tena. Hukuniambia neno. Ukaniapisha, mkono juu: sitaingia kwenye buluu, sitagusa foleni, sitachomoa plagi. Nikaapa moyo wangu ukiwa mweupe kabisa. Ukasema utapiga simu kila Jumapili, mashine ikiwa nzima au mgonjwa. Nikasema hayo ndiyo maneno.

Nikakusindikiza hadi kituoni. Nikakusukuma mgongoni, kama nilivyoahidi. Sikulia. Vumbi lilikuwa jingi.

Bi Kizingiti alikuwa mlangoni. Akasogea kidogo kwenye kizingiti chake, nikakaa.


Ijumaa, 1 Januari 2010

Si mimi ninayesema. Ni mashine.

Kwa kalenda ya watu leo ni Jumatatu, na jana umepanda ndege. Umepiga simu, umefika salama, chumba kina dirisha. Nimefurahi. Mimi ni mtu mzima, nimekubali, kila kitu kimekaa mahali pake.

Na nimetunza kiapo. Sikuingia kwenye buluu. Foleni sikugusa. Plagi ilichomolewa, ndiyo, lakini mstari wa kijani haukuwepo, kwa hiyo haihesabiki. Nilifungua tu kifuniko kupunguza vumbi. Kidonge kikatoka. Hukuniapisha kuhusu kidonge.

Betri ikitoka Mwamshaji anasahau kila alichoagizwa, hata kunikatalia mimi. Neno lako la siri limekwenda na maji. Ulinifundisha mwenyewe, Jumanne ile.

Basi anasema ni mwaka 2010. Nimekaa nikautazama mwaka huo. Ulikuwa darasa la kwanza, huna meno ya mbele. Ukirudi shule tulikaa kwenye meza hii hii, kitabu kimoja watu wawili, ukinishika kidole unifundishe herufi ambazo hakuna shule iliyowahi kunifundisha. Ulikuwa mwalimu mkali. Nikikosea ulinitemea mate kupitia pengo.

Kwa saa ya mashine, uko chumba cha pili sasa hivi, umejifunika hadi kichwani, na asubuhi nitakugusa paji la uso.

Siirekebishi.

Kidonge nimekishonea ndani ya upindo wa koti langu. Hutakiona. Kwa hiyo ujue mashine inaumwa, tena vibaya, na kwa simu haitibiki. Usihangaike kununua betri, ninayo. Bisibisi ninayo. Ukija mara nyingine, njoo na nguo za kulala.